Nyimbo Nilizosema Nimezipokea

Mpango wangu niliuandika kwenye karatasi ya manila ya njano, nikaubandika upande wa ndani wa mlango wa kabati ili mwenzangu wa chumbani asiuone. Ilikuwa mwaka 2009, Yeoville, Johannesburg, ghorofa ya tatu, chumba tulichokigawa kwa pazia. Kila asubuhi nikifungua kabati kutoa nguo, nausoma. Mwaka wa kwanza niwe nimeingia kwaya na kuaminika. Wa pili, kwaya iimbe nyimbo zangu. Wa tatu zirekodiwe, wa nne watu wazizoee mpaka waziombe wenyewe, na wa tano nitoke na albamu yangu, jina langu juu, picha yangu juu, mimi peke yangu. Nasema haya bila aibu kwa sababu aibu yote nilishaimaliza kwenye mambo mengine.

Aliyenifundisha kupanga alikuwa Mkenya mmoja mfanyakazi wa benki kule Sandton. Alikuja kanisani kwetu Jumapili moja baada ya ibada kuzungumza na vijana, suti safi, maneno yaliyonyooka. Nyumbani kwake alikuwa amegeuza gereji kuwa studio, kwa mapenzi tu ya muziki. Alituambia kwamba waimbaji wetu wanapotea si kwa kukosa kipaji, ila kwa sababu wanakaa kungoja mtu aje awagundue. Andika unachotaka, alisema, kiwekee mwaka, na mwaka huo ukifika jiulize umefanya nini. Wenzangu walipiga makofi wakaenda kula wali. Mimi Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nikatoka kazini kwenda kununua karatasi ya manila.

Kazini kwangu ni Fordsburg, duka la vitambaa la familia moja ya Kiislamu. Nilikuwa mkataji. Mteja akichagua, napima, nachanja kidogo kwa mkasi, halafu napasua kwa mikono, na ule mlio wa kitambaa kinachopasuka nilikuwa nao tangu asubuhi mpaka jioni.

Mimi ni wa Kigoma. Nilifika Johannesburg mwanzoni mwa 2008, na Mei ya mwaka ule, wageni tulipokuwa tunawindwa mitaani, nilijificha na watu wa kanisa la Wakongo, kwenye ukumbi wao wa kupanga juu ya duka la samani, si mbali na Newtown. Hapo ndipo nilipoisikia ile kwaya. Waliimba kwa sauti ya chini, midomo karibu imefungwa, ili walioko barabarani wasisikie. Nimekua na kwaya za Wakongo, kwetu kanda zao zilikuwa zikivuka ziwa kabla hata ya wao wenyewe kuvuka, lakini hii ilikuwa nyingine. Wenzangu wanamwomba Mungu tusiuawe, mimi nasikiliza jinsi sauti ya tatu inavyoingia, najisemea hawa ndio watu wa kuimba nyimbo zangu. Ndivyo nilivyo, na sijifanyi mwingine.

Kwaya ilikuwa ya watu kama arobaini, wengi wa Bukavu na Uvira, Warundi wachache, na Mtanzania mmoja, yaani mimi. Kiswahili changu walikiita cha redio. Nikisema neno wanaangua kicheko, halafu kesho yake nawasikia wanalitumia. Mwalimu wa kwaya alikuwa fundi cherehani wa Bukavu, mtu mpole kupita kiasi, ambaye akikosewa noti haongezi sauti, anaipunguza, mpaka nyote mnakaa kimya kumsikia. Nilimpenda. Lazima niseme hilo mapema, maana kwa namna nitakavyoeleza utafikiri namchukia.

Sasa, katika kwaya ile hakuna mtu aliyetunga wimbo. Kutunga ni mambo ya watu wa bendi, ya kwenye baa. Wimbo unapokelewa. Jumamosi mchana, kabla ya mazoezi, aliyepokea anasimama mbele na kusimulia ulivyomjia: alikuwa wapi, anafanya nini, aliona nini. Kisha anauimba, wazee wa kwaya wanauombea, na kama mioyo imekubali, mwalimu anaanza kugawa sauti. Kuanzia hapo wimbo ni wa kwaya. Ukihama kanisa, unahama bila wimbo. Mmoja alipokea akifua nguo. Mwingine alipokea Pretoria, kwenye foleni ya kuhuisha karatasi za ukimbizi. Sisemi walikuwa waongo. Baadhi yao naamini kabisa kwamba walipokea, ulikuwa ukiwatazama machoni unaona.

Lakini mimi sikupokea hata siku moja. Mimi nilitunga. Nilikaa na mstari mmoja wiki tatu, naugeuza, naupunguza, naimba kimoyomoyo huku napasua kitambaa, mpaka mwenye duka ananiuliza kama naumwa meno. Nilifuta zaidi ya nilivyoandika. Kama kuna mtu alikuwa ananinong'oneza sikioni, basi alikuwa mvivu sana, maana kazi yote niliifanya mwenyewe.

Mara ya kwanza nilisema kweli. Mwaka 2010, mji mzima una mavuvuzela ya Kombe la Dunia, nilisimama Jumamosi nikawaambia nimetunga wimbo, nikauimba. Walinisikiliza vizuri. Mwalimu akasema ni wimbo mzuri, dada, lakini ni wa kichwa. Wazee wakatikisa vichwa kukubaliana naye, na mazoezi yakaendelea na nyimbo za zamani. Wa kichwa. Eish. Nilipanda ngazi za Yeoville siku ile natukana kimyakimya kila kidato. Nikafungua kabati nikasoma mwaka wa pili, na nikaona nina njia mbili: ama nibadilishe mpango, ama nibadilishe maneno ya kusema pale mbele. Karatasi nilikuwa nimeshaiandika kwa wino.

Wimbo uliofuata ndio uliokuja kujulikana. Ulitokana na kitu cha kawaida kabisa. Nilikuwa natoka kazini na mfuko mkubwa wa vipande vya vitambaa kichwani, mwenye duka alikuwa amenipa nikauze. Nimepanda ghorofa tatu, nimefika, mlango umefungwa, mwenzangu hayupo. Aliyewahi kujitwika mzigo mzito anajua: kuutua peke yako huwezi, lazima mtu akutue. Nikasimama pale kwenye korido, shingo inawaka, mikono juu, namsubiri yeyote apite. Hakupita mtu. Nikalia kwa hasira. Katika kulia ndipo nikasikia maneno, nitue, nimefika, nitue, na hata hapo sikuyapokea, niliyasema mimi mwenyewe kwa mdomo wangu kwa mlango uliofungwa. Kuyafanya yawe wimbo kulinichukua miezi miwili.

Jumamosi nikasimama mbele ya kwaya nikasema nimeota. Nilisema nimeona mwanamke wa mavazi meupe mbele ya mlango wa dhahabu, ana mzigo kichwani, na mkono ukatoka ndani ukamtua, na nilipoamka wimbo ulikuwa mdomoni. Mlango wa dhahabu, jamani. Nilifanya mazoezi ya ndoto ile mbele ya kioo kama nilivyofanya mazoezi ya wimbo. Mahali pa kunyamaza nilinyamaza. Machozi yalitoka, na yalikuwa machozi ya kweli, sijui yalitoka wapi. Nilipoanza kuimba, kabla sijafika mwisho, sauti ya pili ilikuwa imeshaingia bila mtu kuwaambia. Mwalimu alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya simenti.

Tangu siku ile nikawa mpokeaji. Nilipokea nyimbo sita kwa miaka miwili. Nyingine niliipokea kwenye basi, nyingine nikiwa na homa, nilihakikisha hazifanani. Nilikuwa nimeiva kabisa kwa uongo ule, na kila Jumamosi nikirudi nyumbani nafungua kabati naona niko sawasawa na mwaka wangu. Sikujiona mwizi. Niliona ni ngazi, na kwamba nikifika juu nitaeleza.

Wimbo wa kutuliwa mzigo ulishika mji. Warundi wakauimba kwenye makanisa yao kwa Kirundi. Ukaimbwa harusini, ingawa hauhusiani kabisa na harusi, na ukaimbwa kila msiba. Kulikuwa na mama Mrundi katika kwaya yetu, wa sauti ya kwanza, aliyemzika mwanawe wa kike mwaka 2011. Makaburini, udongo unarushwa, alianza yeye mwenyewe kuuimba, sisi tukamfuata. Baadaye aliniambia kwamba Mungu alinipa ile ndoto kwa ajili yake, ili siku ile isimkute mikono mitupu. Nikamwambia amina.

Mwaka 2012 kwaya ikatoa DVD. Nyimbo nane, sita zangu. Kiongozi wa wimbo ule aliwekwa msichana wa Uvira mwenye sauti nyembamba nzuri, kwa sababu mimi, walisema, nimeshapewa karama ya kupokea, na wengine nao wapewe. Mwanzoni mwalimu anatokea kwenye picha anasimulia kwamba dada mmoja wa kwaya hii aliota mwanamke wa mavazi meupe. Dada mmoja. Nyuma ya kasha pameandikwa kwamba nyimbo zote ni za kwaya na utukufu wote ni wa Mungu. Niliposoma nilicheka, kisha nikajisemea usiwe na haraka, bado mwaka wa tano.

Mwaka wa tano ulifika. Nilimpigia simu yule Mkenya, na alikumbuka ile semina, akafurahi kusikia kuna mtu aliyeandika kweli. Nilipanda ile treni ya kasi mpaka Sandton, yeye akanichukua kituoni kwa gari. Kwenye gereji yake nikamwimbia zote sita, bila ala yoyote. Akasema yuko tayari kunirekodi albamu nzima, na ana watu wa kuipeleka redioni, hapa na Nairobi. Nilitaka kuruka. Kisha akauliza, kwa upole wa watu wa benki, kama hizi si zile za DVD. Nikasema ndizo, mimi ndiye mtunzi. Akasema vizuri, basi niende kwa mwalimu wa kwaya aniandikie barua ya ukurasa mmoja kwamba mimi ndiye mtunzi, aweke sahihi, tuanze kazi. Bila barua hiyo hawezi, kwa sababu kwenye DVD nyimbo zimeshaandikwa jina la kwaya, na kesho wataniita mwizi wa nyimbo zangu mwenyewe.

Nilimkuta mwalimu kwenye cherehani yake, ana sketi ya mtu mkononi. Nilimweleza yote. Nilimwambia kwamba sikuwahi kuota, kwamba nyimbo nimezitunga kama fundi anavyoshona, mshono baada ya mshono, na kwamba naomba barua. Nilitegemea atakasirika, nikawa nimejiandaa, nina maneno makali tayari chini ya ulimi. Hakukasirika. Alisimamisha cherehani akapunguza sauti, nikalazimika kuinama ili nimsikie.

"Dada yangu, uliota ao haukuota?"

"Sikuota."

"Basi nitaandika barua, na sahihi nitaweka. Lakini ulisema uliota mbele ya watu. Simama siku ya posho mbele yao hao hao, useme haukuota."

Posho ni Jumamosi kwao. Aliongeza kwamba wimbo wenyewe hautaimbwa tena kanisani, kwa sababu umezaliwa na uongo, na hilo halimo mikononi mwake. Nyingine tano pia. Lakini nitakuwa huru kwenda nazo. Hakusema kwa kunitisha. Alikuwa ananipa haki yangu yote, na nilitamani sana awe mtu mbaya.

Jumamosi nilivaa vizuri. Nilikuwa nimeandika maneno mafupi na kuyakariri, maana kukariri ndiyo kazi ninayoiweza. Mwalimu akasema dada ana neno. Nikasimama. Mama Mrundi alikuwa mstari wa mbele, kiti cha pembeni, amekaa kama anavyokaa mtu aliyekuja kupokea kitu, kichwa kimeinama kidogo, anatabasamu. Alidhani nimeota tena. Wote walidhani hivyo. Niliona msichana wa Uvira ameshatoa daftari aandike maneno.

"Mungu ni mwema," nikasema.

"Kila wakati," wakajibu watu arobaini.

Nikaketi.

Wengine wangesema nilimhurumia yule mama. Ningependa iwe hivyo, na mara nyingine nikiwa peke yangu nimejisimulia hivyo. Si kweli. Niliogopa kuitwa mwongo. Zaidi ya miaka miwili nilikuwa nimekaa katikati ya watu wananitazama kama mtu aliyeongea na mbingu, na kumbe nilikuwa nimezoea kutazamwa vile kuliko nilivyotaka albamu. Mwalimu alinitazama kidogo, akasafisha koo, akaanza kugawa sauti za wimbo wa zamani. Hajawahi kunikumbusha jambo lile mpaka leo.

Mkenya nilimwambia barua inachelewa. Akasema basi nitunge nyingine, mtunzi ni mtunzi, nyimbo sita si mwisho wa dunia. Alisema kweli. Nikajaribu mwaka wote wa 2013 uliobaki. Kitambaa kinapasuka, mimi nasikiliza, hakuna kinachokuja isipokuwa mlio wa kitambaa. Mstari nikiupata, najikuta kabla ya kuumaliza nimeshaanza kuutafutia ndoto. Niliutupa mmoja, nikautupa wa pili, na baada ya hapo sikuwa na wa kutupa. Mkenya akahamishwa kurudi Nairobi, akaniaga kwa ujumbe mzuri wa simu, akanitakia kila la heri na mpango wangu.

Mwaka 2014 mama yangu alinipigia kutoka Kigoma, mchana, niko kazini. Si kawaida yake. Kwa kawaida mimi ndiye niliyekuwa nampigia Jumapili. Nikashtuka, nikafikiri kuna msiba. Kumbe alikuwa na furaha. Wafanyabiashara wa Uvira walikuwa wameleta DVD kutoka huku huku Johannesburg, na akina mama wa kanisani kwao walikuwa wameitazama mpaka wameijua yote. Kuna wimbo mmoja, alisema, wa kutuliwa mzigo. Walikuwa wanaufanyia mazoezi kwa ajili ya mkutano. Akaniuliza kama naujua. Nikasema naujua.

Mama hakuwa mtu wa kuumiza kwa makusudi. Alisema kama mtani tu, anacheka: "Na wewe mwanangu miaka yote hiyo uko huko huko, si ulituambia unakwenda kuimba? Mbona hukutunga hata mmoja kama huu?"

Sijui kwa nini mbele ya watu arobaini nilishindwa, na pale dukani, mteja amesimama akingoja kitambaa chake, akilini mwake gauni limeshashonwa, nikaweza. Nikamwambia wimbo ule ni wangu. Nimeutunga mimi, maneno na sauti, mimi.

Akasema hapana, kwenye DVD wamesimulia, kuna dada aliupokea ndotoni. Nikamwambia dada huyo ni mimi. Akauliza kwa sauti iliyopanda, tayari kwa kumshukuru Mungu, kama basi niliota kweli yule mwanamke wa mavazi meupe. Nikamwambia sikuota, mama. Ile ndoto niliitunga pia.

Sauti yake ikageuka ikawa ile anayoitumia kwa wagonjwa.

"Mwanangu, wivu ukikuingia utakumaliza. Mimi nitakuombea."

Nilitaka kumbishia. Nilikuwa na ushahidi gani? Hakuna mahali popote duniani palipoandikwa jina langu. Kisha akasema nisikilize, wimbo wenyewe ndio utakaonisaidia, akaanza kuniimbia, sauti yake ya kizee inatetemeka kwenye simu: nitue, nimefika, nitue. Aliimba beti zote. Mteja alikuwa anagonga meza kwa kidole, mwenye duka ananitazama, nami nimeweka mkasi chini nasikiliza. Alipomaliza aliniuliza kama naona nafuu kidogo. Nikamwambia naona.